Jina Lililo Kwenye Msalaba

Ilianza Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, wakati wa chai. Saa ninaijua kwa sababu deputi, naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa ameweka simu yake juu ya meza, na mimi nikiogopa kumtazama mtu usoni hutazama kitu chochote kilicho karibu naye.

Sisi wa kidato cha nne tulikuwa tumepanga laini nje ya ofisi yake kukagua majina ya usajili wa mtihani. Unaingia, unaonyeshwa jina lako kwenye karatasi, unalilinganisha na cheti chako cha kuzaliwa, unatia sahihi, unatoka. Wenzangu walikuwa wakimaliza kabla hata mlango haujajifunga. Mimi nilipoingia deputi alishika kalamu, akaiweka chini tena, akavuta karatasi karibu.

"Ee, hebu. Hili ndilo jina lako la kwanza?"

"Ndiyo, sir."

"Nimesajili watoto hapa miaka mingi. Mwaka mwingine napata wasichana kumi wa jina moja, nashindwa kuwatofautisha. Hili lako sijawahi kulisajili." Akakuna kidevu. "Nimeliona mahali pamoja tu."

Nikauliza ni wapi. Sijui hata kwa nini niliuliza, mimi ambaye siulizi hata nikiwa sijaelewa hesabu.

"Kwenye msalaba," akasema. "Kule juu kwetu, ile njia ya kushukia mtoni. Kamsalaba kadogo ka simiti, hivi." Akanyoosha kiganja juu kidogo ya meza. "Wewe watu wako ni wa wapi huko mlimani?"

Nikamwambia.

"Basi ni shambani kwenu," akasema, kama mtu anayekuambia umeangusha kalamu. "Tia sahihi hapa."

Sikutia. Nilihisi baridi ikianzia nyuma ya magoti, na ninaposema baridi simaanishi ya hewa, kwa sababu Voi mwezi ule mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Nikauliza kama mtu anaweza kuondoa jina.

"Kuliondoa?" Sasa alinitazama vizuri. "Mzazi aje na kiapo cha wakili kabla ya Jumatatu saa mbili asubuhi. Baada ya hapo nafunga hii kazi, na utazeeka nalo. Kitambulisho, kazi, harusi, matanga, yote ni kwa jina hili."

Aliposema matanga nikatoka bila kuaga. Msichana aliyekuwa nyuma yangu kwenye laini akaniuliza, "Kwani wamekuambia jina lako ni la dawa ya minyoo?" Wakacheka. Huo ni mzaha wa zamani, wa tangu kidato cha kwanza, na siku nyingine ungeniuma. Siku ile haukunifikia.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Kuna wakati daftari langu lilichukuliwa kwenye begi likasomwa mbele ya darasa na mtu aliyejua kuigiza sauti, na tangu hapo huwa naacha kitu kimoja nje ya kila ninachoandika. Nitasema tu kwamba ni jina la Kidawida, lugha yetu ya mlimani, fupi, na kwamba halina maana. Kwetu jina mara nyingi linaeleza ulivyokuja: ulikuja usiku, ulikuja na mvua, ulikuja wakati wa njaa, mama yako alikuzalia njiani. Langu halielezi chochote. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumuuliza mama akasema, "Ni jina la mtu tu." Nikaridhika. Nilifikiri ndiyo sababu hata mimi sikuwa na mengi ya kusema.

Jioni ile nilifika nyumbani, mtaani Birikani, kabla ya mama. Mama ni nesi wa zahanati na akirudi hunawa mikono mara mbili kabla hajagusa kitu. Nilimsubiri anawe ya pili.

"Mama, ni nani amezikwa kwa nyanya, pale chini njia ya mtoni?"

Maji yaliendelea kutoka kwenye mfereji. Mama si mtu wa kumwaga maji.

"Nani kakuambia?"

"Deputi. Amesema ni jina langu."

Alifunga mfereji, akajipangusa kidole kimoja kimoja, akaingia chumbani. Hakugombana wala hakupiga kelele. Nilipika ugali, nikachemsha mboga, akatoka akala, akaniuliza kama kuna kazi ya ziada ya Kemia. Nilitamani angenichapa. Mtu akikuchapa unajua kosa limefika mwisho.

Ijumaa nilichukua simu yake kabla hajaamka nikaandika jina langu kwenye mtandao. Ukaniuliza kama nilimaanisha neno lingine. Nikasema hapana. Ukaniletea kiwanda cha vigae cha nchi nisiyoijua, na mchezaji mmoja wa mpira mwenye jina linalofanana kidogo, mwanamume. Katika watu wote duniani waliowahi kuandikwa, hakukuwa na mwingine. Kulikuwa na mimi na huyo wa msalabani.

Darasani mwalimu aliita rejista. Alipofika kwangu nikashindwa kuitika. Kuna yale tuliyoambiwa tukiwa watoto, kwamba ukiitwa na usiyemwona usiitike, kwa sababu hujui ni nani anakuita. Mwalimu nilikuwa namwona, amesimama pale na shati lake la maua. Lakini nilifikiria: je, kama tuko wawili tunaoitwa, na nikiitika mimi ndiye ninayechukuliwa? Ni upuuzi, najua. Nimeuandika kama ulivyokuwa. Aliita mara mbili, akaandika kwamba sipo, na mimi nimekaa safu ya pili. Wasichana walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa zamu. Nilimwandikia karatasi kwamba nimepanda kwa nyanya, nikaiweka chini ya kikombe, nikaondoka.

Kule juu ni baridi ya kweli. Ukishuka kwenye gari unavaa sweta hata kama Voi uliacha watu wanajipepea na vitabu. Sikuenda nyumbani kwanza. Nilipita nyuma ya zizi, nikateremka matuta, mahindi, maharagwe, migomba, mpaka tuta la mwisho ambalo tangu utotoni tulikatazwa kwa sababu ati lina siafu. Hapakuwa na siafu. Palikuwa na majani marefu yenye umande, na kamsalaba, urefu ule ule aliouonyesha deputi kwa mkono.

Jina liliandikwa kwa msumari simiti ikiwa bichi. Halikuwa na tarehe. Lilikuwa peke yake, herufi zote ninazoziandika mimi juu ya kila daftari, na kwenye moja yao kulikuwa na konokono mdogo. Niliogopa kumtoa. Niliogopa kugusa. Nilijua nikigusa nitahisi ni kama najigusa mguu uliokufa ganzi.

"Umeshafika," sauti ikasema nyuma yangu, na karibu nianguke.

Alikuwa nyanya, na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni. Hakuonekana kushangaa. Alitua mzigo, akakaa juu yake.

"Mama yako alinipigia simu juzi analia, nikajua utakuja. Nikamwambia, wewe ndiye ulificha, si mimi. Kaa."

"Huyu ni nani, nyanya?"

"Dada yako. Alikutangulia."

Aliniambia yote pale pale tutani, akivunjavunja kijiti.

Babu, aliyefariki nilipokuwa kidato cha pili, alikuwa na dada mmoja. Jina ni la huyo dada. Aliozwa mbali, Mata, kule karibu na mpaka, kwa mtu aliyempiga. Mara mbili alitoroka akarudi nyumbani kwa miguu na kwa kubebwa na watu, na mara mbili babu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye mji baada ya baba yao kufa, alimrudisha. Mara ya tatu alimsindikiza mwenyewe hadi Mwatate na kumpandisha lori la katani. Nyanya alikuwa bibi harusi mpya wakati huo, alikwenda nao akibeba kikapu.

"Alisimama juu ya lori pale," nyanya akasema, "watu wote wanasikia, akamwambia kaka yake: jina langu naondoka nalo. Mkimpa mtoto yeyote wa nyumba hii, hatafika nalo mbali."

"Halafu?"

"Halafu lori likaondoka. Na babu yako akazeeka, na moyo ukaanza kumsumbua. Mama yako alipojifungua msichana wa kwanza, mzee akasema huyu aitwe dada yangu. Kwetu mtoto kupewa jina la mtu wa nyumbani ni heshima, lakini mwenyewe akiwa hai unamwendea. Unamwambia, nimekupa mtoto. Yeye hakwenda. Aliona haya. Alidhani jina lenyewe litakwenda kumwombea msamaha." Akatupa kijiti. "Mtoto alifika miaka minne."

Nikamwuliza nyanya, polepole, kama yule dada wa babu alikuwa mchawi.

"Mchawi ni kitu kingine, mtoto, usichanganye. Mchawi anakaa anapanga. Hii ni hasira ya mtu wa nyumbani. Ikikaa moyoni inatoka yenyewe, hata yeye hajui saa inatoka. Ndiyo maana wazee walikuwa wanatasa. Mtu anakunywa maji, au maji ya miwa, anayapuliza nje, puu, anasema lililokuwa moyoni mwangu limetoka, awe mzima, awe na amani. Basi. Bila hivyo hakuna dawa."

"Na yeye alitasa?"

"Nani angemwuliza? Hakuja hata kumzika kaka yake."

"Yuko hai?"

"Yuko. Kule kule Mata."

Nilikuwa nawaza neno moja tu: mbali. Hatafika nalo mbali. Mbali ni wapi? Dada yangu mbali yake ilikuwa miaka minne. Mimi nilikuwa ninakaribia kumi na saba, kwa hiyo labda nilikuwa nimeshapita, au labda yangu ilipimwa kwa kamba nyingine. Labda mbali ilikuwa ile karatasi ya deputi, kidato cha nne, mahali ambapo hakuna mwenye jina hili aliyewahi kufika. Nikauliza lile ambalo lilikuwa limebaki.

"Kama mlijua, mbona mlinipa mimi?"

Nyanya aliinuka, akajitwika majani. "Mimi nilikataa, na babu yako naye alikataa. Muulize aliyekuzaa."

Nilirudi Voi saa kumi na moja. Njiani gari lilisimama kidogo kupisha ndovu wavuke, na abiria wote wakatoa simu kuwapiga picha, na mimi nikafikiria: labda ni hapa. Labda mbali ni hapa. Nilikuwa nimefikia kiwango hicho.

Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo. Nilikaa karibu naye, nikaanza kuchambua upande wangu. Tukifanya kazi ya mikono huwa tunaweza kuongea bila kutazamana, na mimi na yeye tumefanana hapo.

"Ilikuwa malaria," akasema. "Nikuambie hilo kwanza. Nilikuwa sijasomea unesi. Nilimpa dawa ya homa siku mbili, nikingoja ishuke. Ya tatu tukamteremsha, na tulikuwa tumechelewa. Si maneno ya mtu juu ya lori. Ni mimi nilichelewa. Ndiyo maana nikaenda kusomea."

"Sasa mbona ukanipa jina lake?"

Alitoa jiwe dogo, akalitupa, akatoa lingine ambalo halikuwa jiwe, ilikuwa punje nzima ya mchele.

"Nilikuwa nimezoea kuita," akasema. "Jioni, giza likikaribia kuingia, unaita mtoto arudi ndani. Alipokwenda, mimi saa ile ikifika mdomo ulikuwa unafunguka wenyewe. Nasimama dirishani naita, majirani wananiangalia, hakuna anayeitika. Mwaka mzima. Ulipozaliwa wewe nikasema, nitaita na mtu ataitika. Wakaniambia mpe jina lingine lolote. Sikuweza kuweka lingine mdomoni."

Sikujua la kufanya. Nilitaka kumkasirikia. Nilitaka pia kuweka kichwa changu pale magotini mwake juu ya mchele. Nikasema, "Mimi nataka twende Mata."

"Mimi ni mtu wa kanisa. Mambo ya kupuliziana maji sitaki kuyasikia. Kama unataka jina litolewe, kesho nitampigia wakili anayekuja zahanati, atatuandikia kiapo. Liishe."

"Likitolewa, na hasira itakuwa imetolewa?"

Alichota mchele mwingine, akautandaza kwenye ungo.

"Mama, mimi naogopa. Siogopi kama mtu anayejifanya. Jana nilishindwa kuitika rejista."

Aliweka ungo chini. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kinesi, kama anapima homa, akakiacha hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kupima.

"Tutakosa ibada," akasema mwishowe.

Jumapili tulipita Mwatate saa mbili na nusu asubuhi. Nilitafuta kwa macho mahali lori lingeweza kuwa limesimama. Kulikuwa na maduka ya simu na mtu anauza ndizi. Mama naye alitazama upande ule ule.

Nyanya alikuwa ametupa maelezo: Mata, ukivuka mfereji wa maji baada ya kanisa, nyumba yenye mlango wa buluu. Kule ni migomba tu, na maji yanapita kila mahali kwenye mifereji ya shamba, hadi unasikia kama kuna watu wananong'ona. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu mkubwa. Sijui kwa nini. Kwenye kichwa changu alikuwa bado amesimama juu ya lori.

Aliyekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa buluu alikuwa kikongwe mdogo wa mwili kuliko mimi, amevaa sweta ya kiume, anapukuchua maharagwe. Mama alimwamkia, "Shikamoo, mama," akasema sisi ni watu wa kwa kaka yake. Mikono ya kikongwe ilisimama. Mama akanisukuma mbele kidogo kwa bega.

"Na huyu," mama akasema, "huyu ana jina lako."

Yule kikongwe aliinuka haraka mno kwa umri wake. Maharagwe yalimwagika yote. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango, na mkono mmoja ameuweka mbele yake, kiganja kwangu, kama unavyomzuia mbwa.

"Huyo alikufa," akasema. "Niliambiwa alikufa. Mmeniletea nini hapa?"

Ndipo nikaona kwamba alikuwa anatetemeka. Tangu Alhamisi nilikuwa nikidhani mimi ndiye mtu anayeogopa kuliko wote Taita Taveta nzima, na huyu hapa alinishinda. Alidhani mimi ni yule wa msalabani. Alidhani nimekuja kumdai.

Mama hakuweza kusema. Kwa hiyo nikasema mimi, na sauti niliyotumia ni ile ndogo ambayo walimu huniambia niinue. "Mimi ni wa pili, nyanya. Yule ni dada yangu. Mimi niko hai. Niko kidato cha nne."

"Njoo nikuguse."

Nikaenda. Alinishika kifundo cha mkono, akakiminya, akatafuta mapigo kwa kidole gumba. Alipoyapata alikaa chini, si kwenye kigoda, chini kabisa, katikati ya maharagwe, na sisi tukakaa naye.

Kisha alisema kwamba habari za yule mtoto zilimfikia sokoni, kwa mtu wa kwao aliyekuja kununua ndizi, na mtu huyo alimwambia pamoja na jina, bila kujua. Hakuwa hata anajua kwamba kaka yake alikuwa amempa mtoto jina lake. Siku moja akaambiwa yote mawili, kwamba alipewa na kwamba amekufa.

"Nilisema, basi ni mimi. Mimi ndiye nimemla. Ningekwendaje kumzika kaka yangu, nisimame mbele ya mama wa mtoto?" Alimtazama mama kwa mara ya kwanza. "Nimetasa peke yangu hapa nyuma ya nyumba mpaka midomo ikachubuka. Lakini kutasa unatasia mtu. Mimi nilikuwa namtasia nani, migomba?"

"Ilikuwa malaria, mama," mama akasema. Nilimsikia akisema hivyo, kwa sauti ya kazini kabisa. "Ilikuwa homa, na mimi nilichelewa. Si wewe."

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa amembeba yule mtoto peke yake miaka yote, mmoja Mata, mmoja Voi, na sidhani kama mmoja alimwamini mwingine moja kwa moja. Lakini mama alinyoosha mkono akaanza kuokota maharagwe, na yule kikongwe naye akaanza.

Mimi bado nilikuwa na swali langu. Nilikuwa nimelibeba kutoka mlimani.

"Nyanya, ulisema hatafika mbali. Mbali ulimaanisha wapi?"

Alinitazama kama hakuelewa. "Sikumaanisha popote, mjukuu wangu. Nilikuwa na miaka kumi na minane na lori lilikuwa linaondoka."

Kisha akaniambia nilete maji.

Nilichota kwenye jagi la plastiki lililokuwa ndani, juu ya meza. Nikapiga magoti, kwa sababu sikujua mtu anatakiwa akae vipi. Mama alisogea pembeni, akafumba macho, midomo yake ikienda. Sijui kama alikuwa anaomba kwa ajili ya jambo lile au dhidi yake, na sikumwuliza.

Yule nyanya alipiga funda, akapuliza. Meno ya mbele hana, kwa hiyo maji hayakutoka kama nyanya wa mlimani alivyonionyesha, puu. Mengi yalishuka kidevuni yakaingia kwenye sweta. Akacheka kidogo, akajipangusa. "Hata kutasa kunahitaji meno," akasema, na mama akafumbua macho. Akapiga funda la pili, kubwa, akalipuliza kwa nguvu zake zote, na likanipata kifuani na shingoni, vuguvugu. Akasema kwa Kidawida ambacho kilimtoka kwa shida, kama mtu anayetafuta funguo gizani, kwamba lililokuwa moyoni mwake limetoka, kwamba niwe mzima, nisome, nizae, nizeeke. Alirudia nizeeke mara mbili.

"Sasa niite," akasema.

"Nikuite vipi?"

"Kwa jina. Hapa mimi ni mama wa fulani, nyanya wa fulani. Nimesahau linavyosikika."

Sijawahi kuliita jina langu. Nani huliita lake? Lilikuwa zito, kama kunyanyua kitu na wewe mwenyewe umekikalia. Nililisema. Akaitika, "Yee," kwa sauti nyembamba ya kisichana, na hapo ndipo mama alipoanza kulia, na sikuhitaji kuuliza kwa nini.

Tulirudi na mkungu wa ndizi ambao hatukuweza kuukataa. Ningependa kuandika kwamba hofu iliisha. Haikuisha. Jioni nilichomeka chandarua chini ya godoro pande zote nne, nikakagua tena. Usiku nilihesabu mapigo yangu. Lakini nilipoamka nilijikuta nimelala bila kumaliza kuhesabu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa deputi kabla ya kengele. Mama alikuwa ameniuliza, tukinywa chai, kama ampigie wakili, na aliniuliza akitazama kikombe, asinibane. Nilimwambia nitaona huko huko.

"Uko na kiapo?" deputi akauliza.

"Hapana, sir."

"Kwa hiyo?"

Nilitazama simu yake juu ya meza. Saa moja na dakika hamsini. Nikavuta ile karatasi karibu. Sina sahihi, sijawahi kuhitaji, kwa hiyo niliandika jina zima, herufi moja baada ya nyingine, kama lilivyoandikwa kule kwa msumari. Niliikandamiza kalamu kwa nguvu hata mkia wa herufi ya mwisho ukapita mstari ukaingia kwenye kisanduku cha msichana anayenifuata, yule wa dawa ya minyoo.

"Ona sasa," deputi akasema. "Umeingia kwa mwenzako."

"Samahani, sir," nikasema. Alinisogezea kifutio cheupe. Nilimshukuru, nikakirudisha bila kufuta.